Koku Alipokuja Kunialika

"Mara ya mwisho ulionana naye lini, mwanangu?"

Mama yake Koku aliniuliza hivyo akiwa amekaa juu ya nyasi zilizotandazwa sebuleni kwao, Rubya, na mimi sikuthubutu kumwambia ukweli. Si kwamba nilikuwa nimesahau. Nilikumbuka siku, saa, hata blauzi aliyovaa. Ila ningeitaja siku ile, wanawake wote waliojaa pale sebuleni wangeniona nimerukwa na akili. Na ningetaja siku nyingine, ningekuwa nimemkana rafiki yangu mbele ya mama yake.

Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Tena yalinipata asubuhi, kweupe, mjini Bukoba, watu wakiwa wanakwenda sokoni. Najua visa vya namna hii kwa kawaida hutokea gizani, njiani, kwa mlevi. Mimi sikuwa nimelewa. Nimesoma takwimu chuo kikuu, na nyumbani walishanichoka kwa maswali. Bibi akisema bundi ameleta msiba, mimi namuuliza ni bundi wangapi wamelia na hakufa mtu. Kwa hiyo usinihesabu kati ya watu wepesi wa kuamini.

Kwanza nikwambie sisi tulikuwa akina nani. Tulikuwa vijana kumi na sita tuliopenda muziki wa panki, na ule ndugu yake unaoitwa pawa pop, wenye magitaa ya kelele lakini kiitikio kitamu kinachokuganda wiki nzima. Bukoba nzima tulikuwa hao hao. Watatu walikuwa bendi, iliyoitwa Mabati, na kumi na watatu tulikuwa mashabiki. Koku alipiga gitaa la besi na kuimba. Siku za kazi alikuwa mwalimu wa chekechea, mpole, akiwafuta watoto makamasi. Jumapili saa nane mchana, ndani ya ghala la kahawa lililoachwa kule mtaa wa Bakoba, alikuwa mtu mwingine kabisa.

Vyombo vilikuwa vya kwaya ya vijana. Rwega, mpiga ngoma wetu, ndiye aliyetunza ufunguo wa stoo ya kanisa, na wazee wa kanisa hawakujua spika zao zinakwenda wapi kila Jumapili baada ya ibada. Ndiyo maana hatukutangaza maonyesho kwa bango wala kwa meseji. Meseji ikitumwa huwezi kujua itaishia kwenye simu ya mama wa nani. Tulialikana uso kwa uso. Anayeimba ndiye anayekuja kukualika, mmoja mmoja, anakwambia siku, saa na mahali. Wewe unajibu neno moja: "Nipo." Ukishalisema, unakuja, hata uwe na malaria. Na ilikuwa mwiko kumuuliza mwenzako alialikwa lini au wapi. Usichokijua huwezi kukisema ukibanwa.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kijarida chetu. Kurasa nne, naandika kwa mkono, natoa kopi kwenye duka la stationari karibu na soko. Niliandika nani kapiga vizuri, nani kalegea, wimbo gani umezaliwa. Niliona fahari kwamba sipendelei mtu. Nilikuwa shabiki, lakini shabiki mkweli. Hivyo ndivyo nilivyojiita.

Na Koku alikuwa rafiki yangu kuliko wote. Tulipanga chumba kimoja Bakoba miaka miwili. Kila wimbo mpya aliujaribu kwangu kwanza, mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda namenya ndizi. "Ukiacha kumenya," alikuwa akisema, "najua wimbo umekubali." Nikiendelea kumenya, anaurudisha jikoni. Nilikuwa naficha uso ili asijue, halafu kisu chenyewe kinanisaliti.

Sasa, kuna wimbo mmoja hakunionjesha. Aliupiga ghalani moja kwa moja, wimbo wa taratibu, karibu wa kubembeleza, na mimi niliumia. Kwa nini hakuniletea mimi kwanza? Kiitikio cha pili kilipoanza nilitoka nje. Wiki ile niliandika kwenye kijarida: "Huu ni pambio lililovaa buti. Koku anavuta pumzi katikati ya neno kama mtu anayepanda mlima na ndoo kichwani." Wenzangu walicheka sana. Mmoja aliikariri sentensi ile na kuiigiza, mkono kifuani, akihema.

Koku alikuja chumbani na kile kijarida mkononi.

"Haya si ungeniambia hapa hapa?"

"Msomaji ana haki ya kujua."

"Msomaji! Wako kumi na wawili, na nusu yao wanaangalia michoro tu." Alitaka kucheka, ikashindikana. "Kusanya hizo kopi, rafiki yangu. Nakuomba."

Nilikataa. Nilimwambia ukweli haukusanywi. Niamini, maneno hayo hayo, kama mtu anayehutubia mkutano. Siku ya pili yake alifungasha begi akaenda kwao Rubya, akasema amechoka anakwenda kupumzika. Miezi mitatu hakunipigia simu. Na mimi sikumpigia.

Tufike kwenye Jumamosi yenyewe.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, mvua ya Bukoba ile isiyouliza mtu. Nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza cha stationari nasubiri kopi za toleo jipya. Nikageuka, Koku yuko pembeni yangu. Blauzi ya kijani yenye kola, sketi yake ya kufundishia, buti zake za Jumapili. Nywele zilikuwa kavu. Buti zilikuwa safi, na barabara yote ilikuwa tope jekundu. Nililiona hilo, nikajiambia ameshuka kwenye gari sasa hivi. Akili ya mtu ina haraka ya kupata maelezo, sivyo?

Aliangalia kopi ya kwanza iliyotoka. "Mimi simo?"

"Umeacha kupiga. Nikuandike nini?"

"Jumatatu," akasema, "saa nane mchana, nyumbani Rubya, tunapiga ule wa taratibu, na safari hii nataka uusikilize mpaka mwisho, usitoke kwenye kiitikio cha pili kama siku ile, maana mwisho wake hujausikia na mwisho wake ndio wimbo."

Alisema yote hayo kwa mkupuo mmoja. Hakusita, hakuvuta pumzi hata mara moja. Mwaka mzima ule alikuwa akihema hata kupanda ngazi mbili. Nikawaza, kumbe amepona.

Kwa nini sikumkumbatia? Nimejiuliza mara ngapi! Nilikuwa nimemkumbuka mpaka naumwa. Lakini nilitaka aseme kwanza kwamba nilikuwa na haki ya kuandika. Nilitaka ushindi mdogo, pale kibarazani, kabla ya kumpa mkono.

"Jumatatu?" nikasema. "Nitaangalia."

"Usiangalie. Sema tu kama upo."

"Nimesema nitaangalia, Koku."

Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mwalimu ambaye mtoto amekataa kutamka herufi, na kengele imeshagonga. Dada wa dukani akaniita nichukue kopi zangu. Niliporudi kibarazani hakuwepo.

"Ulikuwa unaongea na nani peke yako?" yule dada aliniuliza. "Au umeweka vile vya masikioni?"

Nikacheka. Nikamwambia duka lao lina giza, avae miwani.

Jumapili ikapita. Jumatatu saa nane nilikuwa chumbani namenya ndizi ambazo sikuwa na hamu ya kuzila. Nilijua wako Rubya wanapiga, na mimi nimebaki na kiburi changu. Jumanne sikulala vizuri. Alhamisi nikashindwa. Nikapanda gari mpaka Muleba, nikachukua bodaboda mpaka Rubya, nikipanga njia nzima nitakavyomwambia: nimechelewa, nipigie huo wimbo, hata bila spika, nitausikiliza mpaka mwisho.

Nilipoingia kwenye njia ya kibanja chao cha migomba niliona turubai limefungwa uani, na wanaume wamekaa kwenye mabenchi bila kuongea.

Koku alifariki Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Walimzika Jumatatu, saa nane mchana.

Mama yake aliniambia kwa utulivu, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kihaya, akinishika mkono. Moyo ulikuwa mbovu, waitu. Tangu mwaka uliopita hospitali walimwambia apunguze, asipige kelele, pumzi hazitoshi. Yeye akasema hawezi kuacha, ila atatunga nyimbo za taratibu. "Alisema ameutunga mmoja unaolingana na moyo wake," mama akasema. "Wewe ndiye yule wa gazeti? Alinionyesha picha yako. Jumatatu nilikutafuta kwa macho. Wenzako walikuja wote, walijaa Noah mbili. Waliimba, mpaka baba yake Koku, ambaye hapendi kelele, akatoka nje kulia."

Ndipo akaniuliza lile swali. Mara ya mwisho ulionana naye lini, mwanangu?

"Siku nyingi, mama," nikasema.

Nilimdanganya. Na yule mama akanipigapiga mgongoni kunifariji, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Walinipeleka kaburini, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Udongo ulikuwa bado mbichi. Rwega alikuwa amechomeka vijiti vyake viwili vya ngoma kwenye udongo, na mtu mwingine ameacha nyuzi za gitaa zimekunjwa duara. Nilitafuta cha kuacha. Ndani ya mkoba nilikuwa na kijarida kipya tu, chenye kurasa nne ambazo yeye hakuwemo. Nikarudi nacho.

Mjini nilimfuata Rwega nikamfokea. "Mlikwenda wote, na hamkuniambia! Mimi ndiye niliyekaa naye chumba kimoja!"

Alinishangaa. "Kwani wewe hukualikwa?"

Nilidhani anaongelea simu kutoka nyumbani kwao Koku, na nilidhani kwamba familia ilinipita kwa sababu ya niliyoandika. Naye hakuendelea. Mwiko wetu ulikuwa umetuzoesha kunyamaza.

Bila shaka nilijaribu kulipangua jambo lile kama nilivyofundishwa. Labda nilimfananisha. Labda niliota, nikachanganya siku. Lakini kopi zina tarehe, na yule dada wa dukani anakumbuka nilivyosimama naongea na hewa. Labda majonzi yalinitengenezea picha? Majonzi gani, na mimi sikujua kama kuna msiba? Nimeandika uwezekano wote kwenye daftari na kuufuta mmoja baada ya mwingine. Mpaka leo sijui nilikutana na nini. Ninachojua ni nilichojibu.

Mabati haikupiga tena. Ghala limewekwa kufuli, spika zimebaki kwa kwaya. Mimi sijaandika kijarida tena, na siwezi kumenya ndizi bila kuweka redio kwa sauti ya juu. Halafu nimekuwa mtu wa ajabu: nikialikwa mahali, popote, nasema nipo kabla mtu hajamaliza. Nimehudhuria komunyo za watoto nisiowajua, harusi za majirani wa majirani, vikao vya wazazi na sina mtoto. Watu wananicheka. Wacha wacheke.

Wimbo ule nimeusikia mpaka mwisho mara moja tu, kwenye simu ya mtu aliyeurekodi msibani. Hata hapo si yeye aliyeimba.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, kama kuna rafiki umemnunia, na siku moja akasimama ghafla pembeni yako akakuomba kitu kidogo, mkubalie kwanza. Maswali utayauliza baadaye. Usimchunguze viatu, usisubiri aombe radhi, usimwambie utaangalia. Unaweza kuwa na haki kabisa, na ikawa haina kazi tena.

Mwaka jana, miaka miwili baada ya msiba, mdogo wake Koku alikuja mjini kikazi akalala kwangu. Usiku tukizungumza akasema kuna jambo familia yao haijawahi kulielewa. Simu ya Koku ilikuwa imefungwa, hakuna aliyejua namba ya kuifungulia. Hawakumjua hata mmoja wetu kwa jina kamili. Hawakumpigia mtu yeyote Bukoba. "Tulishangaa tu Noah mbili zinaingia," alisema.

Asubuhi nilivunja mwiko. Nilianza na Rwega, kisha nikawafuata wengine wote, mmoja mmoja, kumi na wanne, niwaulize walialikwa lini na wapi. Mmoja alikutana naye stendi. Mwingine alimkuta amesimama mlangoni kwake, mwingine alifuatwa kando ya ziwa alikokuwa akifua. Wote ilikuwa Jumamosi ile ile. Wote walijibu nipo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye kichaa, akanyamaza. Niliandika saa zao zote kwenye daftari, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyo. Kati yao, aliyemwona mapema kuliko wote alimwona saa sita mchana.

Kwangu alikuja saa tatu.