Kikombe cha mahari ya dada kimenifungia permi

Admin, naomba unifichie jina, maana huku Masisi tunajuana mpaka kwa mlio wa pikipiki. Nina miaka kumi na saba. Baba alikufa nikiwa mdogo, nimebaki na mama na dada mmoja tu. Tunaishi upande wa Muheto, na mimi ni motari, nabeba watu na mifuko ya maharagwe kwa pikipiki. Nilikuwa motari, niseme hivyo. Permi yangu, kibali changu cha kuendesha, imefungiwa kwenye ofisi ya umoja wetu wa motari mpaka nitimize miaka kumi na nane, eti nilikunywa pombe nikiwa mtoto.

Mtoto! Hapo ndipo hasira inanipanda. Siku ile hakuna aliyeniita mtoto. Watu wa Pinga walileta ng'ombe za mahari ya dada, na sherehe ilifanyika kwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba. Kwetu, baba akiwa hayupo, kaka wa binti ndiye anayekunywa kikombe cha kwanza cha kasiksi, pombe ya ndizi wanayokuja nayo wakwe. Akinywa, ukoo umekubali. Akikataa, ng'ombe zinarudi zilikotoka. Mimi sikuwahi kuonja pombe, umoja unatukataza kabisa sisi wa umri huu. Nikamnong'oneza baba mdogo kwamba nitapoteza kazi. Akanikazia macho mbele ya wageni: "Kunywa, Papa. Leo njo weye baba wa hii nyumba." Nikanywa chote, wakapiga vigelegele.

Nilijua siwezi kuendesha, kwa hiyo nilirudi nyumbani nikisukuma pikipiki kwenye matope kama punguani. Njiani nikakutana na mkubwa wa nidhamu wa motari. Nilimsalimia kwa heshima zote, na harufu ikamsalimia pia. Nikamwambia sikuendesha hata kidogo, nilikuwa nasukuma.

"Sheria inakataza kunywa, haiko kuendesha tu," akasema. "Leta permi."

Pikipiki haikuwa yangu; mwenyewe akampa mtu mwingine. Nikawa mtu wa kukaa tu nyumbani, namwangalia mama akibeba mifuko mgongoni mpaka barabarani. Ndipo prezida wa umoja akaniita: "Kama balikulazimisha, simama mu mkutano, utaje ni nani. Permi tutakurudishia." Nilitoka pale nikiruka kwa furaha.

Baba mdogo alikuwa ameshasikia. Alinijia na fimbo yake. "Ukisema nilikulazimisha, kile kikombe haiko kikombe tena. Ndoa imekufa, na bakwe bataomba ng'ombe zao. Zile ng'ombe nilisha kuoeshea mutoto yangu! Basi mama yako atafute shamba kwingine." Shamba tunalolima ni lake, na nyumba imo humo humo. Mama akanishika mkono: "Mwana yangu, nyamaza tu. Permi itarudi." Nikakubali kunyamaza. Iliniuma, lakini nilijiambia angalau dada yuko salama kwake.

Juzi dada alipiga simu kutoka Pinga. Alikuwa amepanda mlimani kutafuta rezo ya simu. Nilidhani na yeye ataniomba ninyamaze, nikaanza kumtuliza kabla hajasema neno. Akanikatiza akilia.

"Kaka, sema balikulazimisha. Sema, nakuomba. Mimi ile siku hakuna mutu aliniuliza kama nakubali, balikuangalia weye tu. Nilikuwa mu mulango naomba Mungu ukatae."

Simu ikakatika, na tangu hapo haipatikani.

Mkutano wa motari ni Jumamosi hii. Nikisema, mama anatolewa shambani kwa ajili yangu, na uzee huo sijui nitampeleka wapi. Nikinyamaza, dada anabaki kule, na mimi ndiye niliyemtoa. Usingizi sipati. Ninyi mliolelewa na mama na mkapendwa na dada, nishaurini kabla ya Jumamosi, nifanye nini?