Chupa ya Baba Ilikuwa Baridi

Mwaka ule wa korona baba alitoka Mbale kunitembelea Bugembe kwa siku mbili, akaishia kulala hospitalini Jinja kwa wiki tatu. Nikiikumbuka wodi ile, naiona kama kitu kilicho chini ya maji. Mapazia yalikuwa ya kijani, oksijeni ilitokota taratibu kwenye vichupa vyake, na sisi wauguzaji tulikuwa watu wa macho tu, hatuna midomo.

Homa ilimrudisha baba nyumbani Mbale kwa mawazo. "Maji nateremuka Wanale?" aliniuliza kila alipofumbua macho. Kutoka uani kwetu, mvua ikinyesha, unaona vijito vyeupe vikining'inia kwenye jabali la mlima Wanale. Jua likiwaka sana havionekani. Nilimwambia yanateremka. Ningemwambia nini kingine?

Kisha daktari akasema ugonjwa umetoka kifuani ukafika kwenye figo, na zile dawa za maumivu alizokuwa anameza kimyakimya nyumbani kwangu zilikuwa zimeziumiza zaidi. Nikapewa kazi ya kupima kila anachokunywa na kila anachokojoa. Mkojo uliingia kwenye chupa yenye mistari, nami nikaandika kwenye karatasi. Baba ni askari magereza mstaafu. Binti yake kubeba chupa ile kulimtia aibu hata akageuza uso ukutani. Mimi sikuona aibu, niliona hofu tu, kwa sababu mkojo ulikuwa kidogo na mweusi kama chai ya rangi.

"Afande," sista akamwambia, "hii ikibaki hivi, tutakupeleka Kampala kwa mashine ya kusafisha damu." Wagonjwa wawili walikuwa wameondoka wodini kwetu kwenda Kampala, vitanda vyao vikapata watu wengine, na hakuna aliyetuambia wameishia wapi.

Kesho yake chupa ilijaa zaidi. Keshokutwa pia. Niliandika kwa herufi kubwa, nikawapigia simu ndugu zangu na kujisifu kana kwamba nilikojoa mimi. Lakini miguu ya baba ilizidi kuvimba, na sista aliitazama karatasi yangu, akaitazama miguu, akaitazama tena karatasi.

Mchana mmoja nilisinzia kwenye kigoda. Kwa jicho nusu nikamwona baba ameketi kitandani, ameshika maji yake ya kunywa, anayamimina kwenye chupa ya mkojo polepole, jicho kwenye mstari, kama muuza duka anayepima mafuta ya taa. Nikadhani naota. Nilipoamka vizuri nikaishika ile chupa. Ilikuwa baridi.

Nilikasirika. "Baba, unafanya nini?"

"Hesabu ilikuwa inapungua," akasema.

Nilimwelewa mara moja, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikulia kwenye nyumba za askari kule Mbale. Kila jioni wafungwa walihesabiwa, na hesabu ikipungua hakuna askari aliyeruhusiwa kutoka. Sisi watoto tulikaa mlangoni na chakula kikipoa, tukisubiri filimbi ya kusema hesabu imetimia.

"Hesabu ikipungua, hakuna mutu kwenda nyumbani," akasema. "Mimi nataka nyumbani. Usiambie sista. Nakuomba."

Baba hakuwahi kuniomba kitu maishani mwangu. Aliamuru. Nikainuka, nikaenda kumwambia sista, nikitembea haraka nisije nikageuka.

Walimwekea mpira wa mkojo, na mfuko ukaning'inia chini ya kitanda, mbali na mikono yake. Daktari akabadilisha dawa na maji ya mshipani. Akasema watasubiri siku chache. Figo zisipoamka, ni Kampala. Baba hakusema nami tena. Nilimlisha uji, akala, macho ukutani. Nilimpenda na nilitaka kumpiga kofi, vyote kwa pamoja. Kila nilipopita nilihisi ule mfuko kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Siku ya kwanza, bure. Ya pili, bure. Ya tatu yalikuwa matone tu.

Asubuhi ya nne jua lilipenya pazia, wodi nzima ikawa na rangi ya majani. Niliinama nusu usingizini, nikapeleka mkono. Mfuko ulikuwa umejaa, mkojo umepauka rangi, na ulikuwa na joto. Niliukumbatia kwa mikono miwili nikalia ndani ya barakoa yangu bila kujali nani ananiona.

Baba alikuwa ananitazama.

"Hesabu?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu nimshtaki.

"Imetimia, afande."

"Nani nahesabu?"

"Mimi mwenyewe. Mfuko bado wa moto."

Akautazama ule mfuko. Kisha akainua ule mkono wenye sindano hadi kwenye paji la uso, akanipigia saluti.