Candiru na Mkwewe Siku ya Mtihani wa Kiingereza

Mpaka leo nikikumbuka mtihani ule nashika mdomo. Mimi Kulusum nilikuwa nimekaa mkekani pembeni ya Candiru, sikusimuliwa na mtu.

Candiru alikuwa mkunga wa mji wetu wa Koboko tangu mimi sijavunja ungo. Wanangu wawili walitua kwanza mikononi mwake. Halafu mwaka 1975 zahanati ikasema hakuna atakayeingia chumba cha kuzalishia bila cheti cha Kiingereza. Cheti! Mtoto anauliza lugha kabla ya kutoka? Nilikasirika kuliko yeye mwenyewe. Yeye alinunua daftari, akajiunga na darasa la watu wazima la Mwalimu Sulaiti, nyuma ya soko, nami nikamfuata.

Sulaiti alikuwa na namna yake. Kiingereza cha mwendo, alisema, hakifundishwi kwa chaki, kinafundishwa kwa miguu. Sisi tunasema ametoka, ameingia, amevuka, basi imetosha. Mwingereza anasema "go", halafu anatundika vijineno nyuma yake: into, out of, across, along. Kwa hiyo mmoja aliamuru, mwingine akatembea, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Candiru, aliyezoea kuamuru wanawake wenye uchungu, alitupita sote.

Amandu naye alikuwa darasani. Huyu ndiye mume wa Driwaru, binti pekee wa Candiru. Alikuwa kibarua wa kufunga vidonda zahanati, na yeye pia bila cheti hicho hicho kazi yake ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaitani, hawakaribiani. Amandu alikaa mbele kabisa, Candiru nyuma kabisa, na Sulaiti hakuthubutu kuwaweka pamoja hata siku moja.

Siku ya mtihani mkaguzi alikuja na gari kutoka Arua, akiwa na haraka. Alitaka kurudi kabla askari hawajafunga kizuizi cha barabarani. Akasoma orodha yake: Candiru ataamuru, Amandu atatembea, kisha Amandu ataamuru na mwingine atatembea.

Tulipigwa na butwaa. Sulaiti akasimama. "Mzee, hawa watu mbili hapana weza. Huyu iko mama ya bibi yake."

"Kaa chini, mwalimu. Nani iko napima watu hapa, wewe ama mimi?"

Candiru akajifunika leso kichwani, akageukia ukuta. Nikajua cheti kimekwenda na maji. Wallahi, nusura nianguke niliposikia sauti yake, ile ya mkunga, inayofika nyumba ya tatu.

"Go out of the room!"

Amandu, macho chini, akatoka mlangoni.

"Go across the road!" Akavuka barabara. "Go along the fence!" Akafuata ua mpaka mwisho. "Go over the bridge!" Akapita juu ya magogo ya kijito. "Go into the maize!" Akaingia kwenye mahindi, nasi hatukumwona tena.

Mwanamke yule! Alikuwa ameupita mtihani bila kuvunja heshima, tena kila neno mahali pake. Nilitaka kupiga vigelegele. Hata mkaguzi alicheka, akapiga muhuri kwenye karatasi ya Candiru. "Safi kabisa! Sasa rudisha yeye, ni zamu yake."

Candiru hakugeuka. "Mimi hapana weza ita yeye. Hata kama nakufa."

Mkaguzi akatazama saa. Sulaiti akatoka mbio, akavuka daraja, akaita, akaita. Amandu hakusikia. Aliambiwa aingie kwenye mahindi, hakuambiwa akomee wapi, na amri ya mama mkwe haikatwi katikati. Alikuwa amelipita shamba lote, amekaa ng'ambo ya pili, anangoja kuambiwa. Sulaiti alipomfikisha darasani, vumbi la gari lilikuwa limeshatua, na mbele ya jina lake mkaguzi alikuwa ameandika kwamba hakufanya mtihani. Amandu akasimama katikati ya chumba, anatuangalia mmoja mmoja.

Mwisho wa mwezi Candiru aliingia zahanati kwa mlango wa mbele, na Amandu akatolewa. Kumpa pole kwa kinywa chake mwenyewe hakuweza. Mila ilikuwa pale pale. Akanichukua tukaenda kwa Driwaru. Tulimkuta jikoni, sufuria imefunikwa, moto haujawashwa.

"Ambia bwana yako pole," Candiru akasema. "Ambia yeye pole sana."

Driwaru hakuinua hata kichwa.

"Mama, watoto nakula pole?"