Saa Niliyoirudisha Nyuma

Mimi sikumaliza darasa la nne, na sijawahi kuficha. Kusoma nilijifunzia kwenye magunia ya mbolea na mabango ya wanasiasa. Leo nina studio ya picha na video katika soko dogo juu ya Karungu: nyumba ya mawe, mlango wa chuma, jenereta yangu mwenyewe. Hakuna aliyenipa hata msumari. Nasema haya mapema kwa sababu hicho kiburi unachokisikia hapa ndicho kilichomtoa mke wa ndugu yangu nyumbani kwake.

Kazi yangu kubwa ni matanga. Harusi zimebaki chache, na vijana wanajipiga wenyewe kwa simu. Lakini kwetu mtu wa maana hazikwi bila video. Watoto walio Nairobi na ng'ambo wanataka kuona nani alikuja, nani alilia kweli, nani alishikilia maikrofoni muda mrefu kuliko mchungaji. Mimi napiga, nakata, naunganisha, natia wimbo, nawapa kwenye flashi. Wakishachukua, yamekwisha.

Sasa, kukata video kunataka programu, na programu inataka mtandao. Pale sokoni mtandao unaupata ukisimama nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, simu umeiinua juu ya kichwa, na hata hapo ni wa kusoma ujumbe tu. Niliwahi kununua bando la wiki nzima ili niishushe hiyo programu. Ilifika asilimia tisini na sita, ikakatika, ikarudi sifuri. Mara tatu hivyo. Mara ya nne nikaizima, nikaifunga kompyuta kwa blanketi, nikaipeleka Homa Bay.

Huko kuna fundi wa kompyuta, mama wa watoto wawili, mkono wake mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Alikuwa nayo programu nzima kwenye diski yake, akaniwekea nikiwa bado nakunywa soda.

"Mzee, kazi utafanya bila mtandao," akaniambia. "Lakini kila mwisho wa mwezi lazima uiunganishe na mtandao, hata dakika mbili, ihakikishe leseni yako. Usipofanya hivyo, inajifunga."

"Ihakikishe nini? Si nimeilipia?"

"Umelipia. Lakini inataka kukuona."

"Madam, bibi yangu niliyeishi naye miaka thelathini haniulizi kila mwezi nilipo."

Akacheka mpaka akaweka chini bisibisi. "Basi shukuru Mungu kwa huyo mama. Hii ni mke mwenye wivu. Uilete hapa nikuunganishie bure, ama ukienda Rongo tafuta mahali pa mtandao. Usiidanganye."

Mwaka wa kwanza nilienda kama mtoto wa shule. Nikachoka. Kusafiri siku nzima na kompyuta mapajani ili mashine ionane na wenzake dakika mbili, huo kwangu ulikuwa utumwa. Mwezi mmoja mvua ikakata barabara, nami nina matanga ya mwalimu mmoja, watoto wake wanarudi ng'ambo Jumatatu. Nikafungua, programu imejifunga.

Nikakaa nikaiangalia. Nikajiuliza, hii inajuaje kwamba mwezi umeisha, na mtandao haina? Inaangalia saa ya kompyuta, ile iliyo kona ya chini. Basi. Nikairudisha saa nyuma. Programu ikafunguka kama mlango wa choo.

Siwezi kukueleza furaha niliyokuwa nayo. Watu wenye digrii walikuwa wamekaa mahali wakaifunga programu ile, na mimi wa darasa la nne nimeifungua kwa kidole kimoja. Niliwasimulia sokoni wiki nzima. Kila ilipojifunga nikairudisha tena, mpaka nikachoka kuirudisha kidogo kidogo, nikairudisha mwaka mmoja mzima, nikaiacha hapo iendelee na safari yake. Kwa hiyo sisi wote tulikuwa mwaka huu, na kompyuta yangu iko mwaka jana.

Ile programu ina tabia yake. Ukileta kazi mpya, inajifungulia folda yenyewe na kuipa jina la tarehe ya siku. Niliona kwamba tarehe ni za uongo. Nikasema, kazi zangu nazijua kwa sura, tarehe ni za makarani.

Ni katika huo mwaka wa uongo ndipo ndugu yangu mkubwa aliponiita.

Boma lake liko chini karibu na maji ya ziwa, mwendo wa saa moja kutoka dukani kwangu. Mke wake wa kwanza, yule tunayemwita mikayi, alikufa zamani na kuacha wana watatu ambao sasa ni wazee wa nyumba zao. Baadaye ndugu yangu alioa mwanamke kutoka upande wa Oyugis. Hakujaliwa mtoto, lakini ndiye aliyewapikia wale wana wakiwa wadogo, na ndiye aliyemgeuza ndugu yangu kitandani alipoanza kuugua kifua.

Nilimkuta amevaa koti lake la Sabato, amekaa kwenye kiti nje. Tuliongea Kijaluo, hapa naandika kwa Kiswahili.

"Mwana wa mama yangu," akaniambia, "nataka kusema maneno, uyashike kwa hiyo kamera. Siku ya kunizika, uwaonyeshe watu kabla sijaingia shimoni."

"Kwa nini usiandike karatasi kwa chifu?"

"Karatasi wataichana na kusema mwanamke aliniandikia. Mdomo wangu wataujua."

Nikafunga kamera kwenye miguu yake mitatu, nikapiga kwanza kipande cha kujaribu. Akainama mbele, akauliza, "Imeshika?" Nikamjibu, "Imeshika." Mkewe akapita na kikombe cha uji. Ndipo nikaanza ya kweli.

Alisema kwamba nyumba ile na shamba la chini, kuanzia mti wa mkonge hadi majini, ni mali ya mke wake mpaka naye afe, ndipo wana wagawane. Alisema mwanawe asiyekubali asitupe mchanga kaburini mwake. Alikohoa mara nyingi. Maneno ya dakika tano yalichukua nusu saa.

"Nitakata kikohozi chote," nikamwambia. "Utasikika kama kijana."

"Kata. Lakini usimwonyeshe mtu mpaka siku yenyewe. Watoto wangu wakijua mapema, huyu mama hatalala."

Mkewe alinisindikiza hadi njiani. Hakuwa mtu wa maneno. Akauliza tu, "Shemeji, haitapotea?"

Nikacheka. Nikamwambia mashine haisahau, wanaosahau ni watu.

Nilikata kikohozi vizuri sana. Kazi safi. Na kwa kuwa ilikuwa safi, nikaona ile ndefu yenye kukohoa haina faida tena, nikaifuta, kadi ya kamera nikaipeleka matanga mengine. Ile safi ikabaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta yangu.

Desturi yangu, Januari ikifika na kompyuta imejaa, nafuta kazi za mwaka juzi kwa mkupuo mmoja. Wenyewe wameshachukua, za nini? Ya ndugu yangu sikuwa na wasiwasi nayo hata kidogo, kwa sababu kichwani mwangu ilikuwa ya mwaka jana, na za mwaka jana mimi sizigusi. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, nikatoka kununua mafuta ya jenereta.

Ndugu yangu alikufa mvua ndefu zilipoanza. Siku ya kwanza tu ya matanga, wana wake wakaanza kupima shamba kwa macho. Mkubwa wao akasema mbele ya watu kwamba mama wa Oyugis atafikiriwa, lakini nyumba ni ya mikayi. Nikasimama na fimbo yangu. Nikawaambia wale wana mbele ya wazee, "Ngojeni Ijumaa. Baba yenu atawaambia mwenyewe. Ninayo."

Shemeji aliinua macho, akaniangalia, akainama tena. Nililifurahia lile jicho. Nililibeba mpaka dukani.

Jumatano mchana nikafungua kompyuta niitie kwenye flashi. Nikatafuta mwaka jana, miezi yote. Hakuna. Nikaenda mbele, nikarudi nyuma. Nikaiangalia ile saa kwenye kona, ndipo nikakumbuka mashine yangu ilikuwa imeishi mwaka gani siku ile ndugu yangu alipokohoa: kazi yake iliandikwa mwaka juzi, na za mwaka juzi nilizifuta mwenyewe. Nilikaa juu ya kreti.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Homa Bay. Fundi alihangaika nayo mpaka saa nane. Alipata matanga ya watu, alipata vipande vya kwaya, alipata nusu ya ng'ombe. Ya ndugu yangu, hapana.

"Mzee, ulifuta, halafu ukaweka kazi mpya juu yake miezi yote hiyo," akasema. "Nilikuambia usiidanganye."

"Saa nilirudisha nyuma kidogo tu."

"Mwaka mmoja ni kidogo?" Halafu akauona uso wangu, akaacha. Kazi ile hakunilipisha.

Ijumaa nilisimama mbele ya jeneza. Na hapa ndipo ninapojuta kuliko pale pa kufuta. Kufuta kulikuwa ujinga, mjinga yeyote anafuta. Lakini mdomo wangu nilikuwa nao, na ukweli nilikuwa nao, wazee wameketi wanangoja. Ningesema: nilifuta mwenyewe, kwa mkono huu, kwa sababu nilijiona mjanja kuliko mtandao. Nani angesimama kwenye matanga ajivue nguo hivyo kama hasemi kweli? Wangeniamini. Badala yake nikasema, "Mashine imeharibika. Ni mambo ya stima." Halafu nikawaeleza kwa mdomo yale ndugu yangu aliyosema, mti wa mkonge, maji, mchanga, yote.

Mwana mkubwa hakupandisha sauti. "Baba mdogo," akasema, "hii mashine uliyotusifia sokoni kwamba umeishinda, leo ndiyo imekushinda wewe?"

Watu wakacheka, kile kicheko cha kushika mdomo. Akaendelea, "Na kwa mila yetu, baba akifa, mjane anaangaliwa na nani? Si ndugu? Basi shamba likibaki kwa mama huyu, linabaki na nani? Mzee anajiombea mwenyewe."

Niligeuka kwa wazee. Mmoja tuliyechunga naye ng'ombe akaangalia viatu vyake. Mwingine akasema tuzike kwanza, mvua inakuja. Tukazika. Wale wana watatu walitupa mchanga, kila mmoja kwa mkono wake, na mimi nilikuwa napiga video.

Shemeji nilimwambia tuende kwa chifu, tuende hata kortini Migori, sheria ipo. Akakataa. "Nishtakiane na watoto niliowaosha pua?" Baada ya miezi michache seng'enge ikapita katikati ya shamba la chini, halafu nyumba yake ikawekwa mbuzi na mbegu za mtu mwingine, na yeye akaenda kwao.

Nilichukua muda mrefu kabla ya kumfuata. Nilimpata soko la Oyugis, anauza maharagwe na njugu juu ya gunia, amekonda kidogo, lakini kitambaa kichwani kimenyooka kama zamani. Akanipa debe la kukalia. Nikamwambia yote: saa, mwaka wa uongo, Januari, kidole changu. Nikamwambia stima haikuharibu kitu.

Alikuwa anachambua maharagwe, akaendelea kuchambua.

"Nilijua si stima," akasema. "Siku ile ulikuwa unaongea na ardhi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, shemeji? Wewe ndiye shahidi pekee niliyekuwa naye."

Mteja akaja, akataka gorogoro moja, akalalamika bei, akachukua. Nilipoona amemaliza nikatoa simu. Kwenye kumbukumbu ya kamera yenyewe, si kwenye kadi, palikuwa pamebaki kile kipande cha kujaribu, nami nilikuwa nimekihamishia kwenye simu. Sekunde kumi na moja. Ndugu yangu anainama na koti lake, anauliza, "Imeshika?" Mimi, ambaye sionekani, najibu, "Imeshika." Mkono wa mwanamke unapita na kikombe. Ndugu yangu anakohoa. Basi, inaisha.

Aliiangalia mara mbili. Mara ya tatu akakipeleka kioo karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza redio ya betri zilizochoka.

"Hicho kikohozi," akasema. "Hicho ulikiacha."

Akaniuliza kama inaweza kuingia kwenye simu yake, maana bando hana. Nikamwambia haihitaji mtandao, simu mbili zikiwekwa karibu zinapeana zenyewe. Tukaziweka juu ya gunia la njugu, yake na yangu, tukangoja. Kabla haijavuka nilitazama tarehe iliyoandikwa pale, ule mwaka wa kweli wa kamera, nikamwonyesha kwa kidole.

"Weka mahali huwezi kufuta," nikamwambia.

"Mimi sifuti vitu," akasema, akarudi kwa maharagwe yake.