Cheni Niliyoipima kwa Uzi

Nakumbuka siku moja nisiyopenda kuikumbuka, mwanangu. Nikiifikia mawazoni, hata nikiwa peke yangu jikoni, masikio hunichoma moto. Lakini nimesikia umeanza kushika spana, na mzee anayeficha kovu lake huwaachia vijana jeraha. Basi vuta kiti.

Kwanza unijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine walizaliwa na miguu ya safari; yangu ilikuja kwa ajili ya kunifikisha mezani. Nilipokuwa na miaka ishirini na minne, kijiji chetu hapa chini ya mlima Kasigau kilikuwa na skrambla moja, ile pikipiki ndefu ya njia mbovu, tuliyoachiwa na mtafiti wa ndege alipomaliza kuhesabu ndege wake. Kazi ya pikipiki hiyo ilikuwa moja: ndovu wakionekana wakielekea mashambani, mtu aipande akawaite askari wa wanyamapori kambini kwao. Kwa miguu ni mwendo wa zaidi ya saa moja. Simu? Ilibidi upande mwambani kutafuta mtandao, na ndovu hawangoji. Pikipiki nilikabidhiwa mimi, kwa sababu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Mpaka leo sijui cheti kile kilihusiana vipi na injini.

Cheni ilikuwa imechoka. Aliyeligundua hilo ni Mzee Ouma, mstaafu wa reli aliyetoka magharibi, akaoa kwetu, akawa fundi wa kila kitu kijijini, kuanzia baiskeli hadi cherehani. Aliishika cheni nyuma kabisa ya gurudumu, akaivuta, nayo ikanyanyuka hadi meno ya sproketi, lile duara la chuma linaloshika cheni, yakaonekana.

"Ukiona mwanga hapa, imekwisha," akasema. "Na meno yenyewe yamejikunja kama ndoana. Ifungue, uende nayo Voi wewe mwenyewe. Usinunue kwa urefu, kijana. Cheni kuukuu imerefuka, itakudanganya. Hesabu pingili, soma namba iliyopigwa ubavuni, na ununue sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno mabovu ni nyama choma kwa kibogoyo."

"Sawa, Mzee," nikaitikia. Kisha nikaenda nyumbani nikawaza vumbi la njia, na basi la alfajiri, na uji wa mama ambao ungepoa bila mimi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikitaka nikiwa nimelala juu ya kitanda chenyewe. Nikachukua uzi wa mkonge, nikapima cheni kuukuu kutoka ncha hadi ncha, nikaukata, nikampa kondakta wa basi pamoja na kikaratasi: cheni ya namba hii, urefu kama uzi huu. Sproketi sikuandika. Nilijiambia hizo zitangoja.

Cheni ilifika ikimeta mafuta. Nikaifunga nje ya nyumba, mahali ambapo wapita njia wote wangeniona. Ikaning'inia. Nikalivuta gurudumu nyuma hadi mwisho wa nafasi yake, bado inaning'inia, kwa sababu, mwanangu, nilikuwa nimenunua upya ulegevu ule ule wa zamani.

Mzee Ouma akapita.

"Umehesabu pingili?"

"Nimehesabu."

"Ngapi?"

"Zile zile za zamani, Mzee."

Akainama, akaipandisha na kuishusha kwa kidole kimoja. "Hii unaweza kuanikia nguo. Niletee nitoe mbili. Ni dakika kumi tu."

Ningekubali, angejua sikuhesabu. Nikasema, "Nitaleta kesho."

"Na ndovu umewaambia ni kesho?" akauliza, akaenda zake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami sikupewa hata muda wa kuchanganya udongo. Saa kumi na moja jioni ile ile, mabati yakaanza kupigwa. Ndovu sita walikuwa wakiteremka kuelekea shamba la Mama Wakesho, mjane wa watoto wanne, mahindi yake yakiwa yamebakisha wiki moja yavunwe. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chake cha mwaka mzima. Nikaipanda pikipiki, watu wakanishangilia. Kwenye mchanga wa korongo nikaongeza kasi nipande ng'ambo, na cheni ikaruka meno, ikajikunja kando ya injini, gurudumu likagoma kuzunguka, nami nikabusu mchanga. Nilijaribu kuinasua, ilikuwa imekwama kama mfupa kooni. Nikaiacha, nikakimbia. Unajua mwenyewe mtu wa nyumbani anavyokimbia.

Askari walipofika na gari lao, shamba lilikuwa limelala chini. Mama Wakesho alikuwa akiokota mahindi yaliyopondwa na kuyatia kwenye leso. Akaniona nina damu gotini. "Pole, baba," akasema. "Umejitahidi."

Heri angenipiga.

Asubuhi mwenyekiti wa kijiji akatuita sote. "Cheni si ilikuwa mpya? Ilikuwaje?"

Mwanangu, ulimi wangu ulitafuta mlango wa nyuma. Nikasema, "Mzee Ouma aliikagua." Na kweli aliikagua. Hakuna uongo unaouma kama ukweli uliokatwa nusu.

"Si nilisema?" mtu mmoja akaropoka. "Mtu wa reli anajua nini cha pikipiki? Tena wa kuja!"

Mzee Ouma alinitazama. Akangoja. Nikatazama viatu vyangu. Mwishowe akasema, "Ndiyo, niliiona," akavaa kofia yake, akatoka.

Baiskeli zikakoma kwenda kwake. Haikupita miezi miwili akahamia Voi na mkewe, kwa mwanawe. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliowabebea vyombo hadi barabarani, na bado sikusema.

Kisha siku moja Mama Wakesho akaja kwetu kuomba unga. Nilikuwa nakula. Nikamsikia akimwambia mama, "Yule Ouma ametumaliza, Mungu anamwona." Nikaweka sahani chini, nikasema yote: uzi, pingili, uongo. Mama Wakesho alibeba unga wake akaondoka, na kwa muda mrefu hakuitikia salamu yangu. Nikayarudia yote mbele ya kijiji, kisha nikapanda basi la Voi.

Mzee Ouma nilimkuta kibarazani kwa mwanawe.

"Wewe? Umekuja mwenyewe, hukutuma uzi?" Kumbe kondakta alikuwa amemsimulia zamani.

Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke nisimchafulie saruji. Halafu hakutania tena.

"Cheni nilikusamehe siku ile ile. Kila fundi ameharibu kitu. Lakini mbele ya watu nilikupa nafasi, ukatazama viatu. Mke wangu aliniuliza, tuliwakosea nini watu hawa? Sikuwa na jibu. Unalo wewe?"

Hakurudi Kasigau tena. Misimu miwili iliyofuata nililinda shamba la Mama Wakesho kila jioni, nikiwa juu ya dungu, na si kwamba nililipa. Kuna hasara isiyopaliliwa ikaisha.

Basi shika haya, mwanangu. Cheni ihesabiwe pingili kwa kidole, na ibadilishwe pamoja na sproketi zake. Upande uliozibika wa klipu, kile kibanio kinachounganisha ncha za cheni, utazame inakoenda cheni. Iachie nafasi kidogo ya kucheza, uipime mtu akiwa ameikalia pikipiki, maana skrambla hubonyea. Hayo utayasahau na fundi mwingine atakukumbusha. Lakini ukikosea, sema siku ile ile, kosa likiwa bado ni la kwako peke yako. Ukilinyamazia, litapata mtu mwingine wa kulibeba, na siku utakayolitaka likurudie utamkuta amekwisha kuhama.

Mola akupe mikono yenye subira na ulimi usiokimbia. Akulinde njiani, na wanaokungojea wakuone ukifika.