Waya wa Mabeki Wanne

Mabeki wanne wanapanda pamoja, mmoja anaachwa nyuma. Ni nani anayejua kwanza?

Swali hilo niliulizwa siku yangu ya kwanza ya kufundisha mpira, kwenye uwanja wa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi wa shaba. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi baada ya milango yake kufungwa, nikiwa na nusu ya masomo ya sosholojia na tabia ya kubishana na kila jambo lililosemwa kwa uhakika. Aliyeniuliza alikuwa Tata Ntumba, fundi umeme wa Kampuni iliyomiliki mgodi, mtu mfupi aliyezungumza kana kwamba kuna mtoto mchanga amelala chumba cha pili. Nilijibu kwamba ni mwamuzi. Akatikisa kichwa. Basi ni kocha, nikasema.

"Kocha njo wa mwisho kujua, mamzelle," alisema. "Shika huu waya."

Waya ule ulikuwa ganda tupu la kebo nene ya kiwandani. Shaba yake ilikuwa imekwisha kuchunwa. Miaka ile shaba ilikuwa ikitoka ndani ya kila kitu, na sisi tulibaki na maganda. Tata Ntumba aliwapanga mabeki wanne kwa mstari, kila mmoja akishika ganda kwa mkono wa kushoto, umbali wa hatua chache toka kwa mwenzake. Kisha sauti ilitoka, na wote wakapanda mbele kwa mara moja. Aliyechelewa alivutwa mkono.

Ninyi mnaofundisha leo kwa koni za plastiki, niwaeleze kwa kifupi. Mshambuliaji akisimama nyuma ya mabeki wote wakati mpira unapigwa kuelekea kwake, ameotea. Sisi tulisema yuko orje. Mabeki wanaweza kumtega kwa kupanda ghafla na kumwacha peke yake na golikipa. Lakini mmoja tu akibaki nyuma, mtego umekufa na goli limeingia. Kwa hiyo mstari unaongozwa na beki wa mwisho, ambaye macho yake yanawafikia wote, na yeye ndiye mwenye kupiga sauti.

Sauti zilikuwa mbili. *Luaku*, maana yake njoo, na *Shala*, maana yake baki. Ni maneno ya Kiluba cha Kasai. Baba yake Tata Ntumba aliletwa kutoka huko kuchimba, na yeye mwenyewe alizaliwa Kapata, nyumba ya tatu toka kwenye bomba la maji. Lakini watoto wote waliyasema maneno hayo, Walunda, Wasanga, Waluba wa kaskazini. Nilimuuliza sababu, nikitegemea kupata siasa ndani yake. Alisema siku ya kwanza mdomo wake ulitoa hivyo tu, na sasa maneno ni ya watoto, awanyang'anye kwa nini?

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mkuu wa Michezo wa Site, kama ulivyoitwa mtaa wetu. Ofisi yake ilikuwa karibu na depo ya posho, mahali wafanyakazi walipopokea unga wao wa mwezi, na hata koti lake lilikuwa na harufu ya unga. Alinipokea kwa Kifaransa mlangoni na kwa Kiswahili ndani. Alitaka kujua kama msichana anaweza kupiga kelele. Nilimjibu kwamba nimekulia katikati ya kaka watano. "Benevole," alisema, "maana yake utafanya kazi bila mushahara na hautalalamika." Nililalamika siku hiyohiyo, kuhusu nyavu.

Mazoezi yalianza na king'ora cha Kampuni, kile cha kumaliza zamu ya mchana. Kilipolia, watoto walitoka kwenye mistari ya nyumba zinazofanana, kama maji yanavyotoka kwenye mifereji. Kisha mgodi mkubwa ukaporomoka ndani, pampu zikasimama, na king'ora kikaanza kuruka siku. Mwisho kilinyamaza kabisa. Watoto waliendelea kuja saa ileile. Sijui walisikia nini. Kiangazi kile hewa ilikuwa ya moshi na vumbi jekundu, milima ya mabaki ya kiwanda ilionekana kama ng'ombe waliolala, na katikati ya wekundu huo watoto wanne na ganda lao walipanda na kushuka, polepole, kama upindo wa pazia unaoguswa na upepo. Nilitazama mpaka nikasahau nilichokuwa nikipinga.

Beki wa mwisho, nahodha wetu, alikuwa Mbuyi. Familia yake ilikuwa ya Kasai. Kulia kwake alicheza Muteba, Mlunda, rafiki yake wa dawati moja, mwembamba na mwenye maswali kuliko hata mimi.

Maneno yalianza ukutani. Wenzetu wa Kasai waliitwa *bilulu*, wadudu. Kisha zikaja filimbi mitaani, za vijana wa chama kilichotaka watu wa Kasai warudi kwao, kisha watu wakaanza kubeba makochi vichwani kuelekea stesheni. Majirani walioazimana chumvi jana walitazama kupitia mapazia. Familia ziling'oa hata milango, zikaenda nayo, zikalala juu ya mizigo kungoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Siku moja Mbuyi hakuja mazoezini. Tata Ntumba naye hakuja.

Mkuu wa Michezo aliniita. Jumapili watoto wa Fungurume wangekuja kucheza nasi, na wakubwa walitaka mechi ichezwe ili ionekane site imetulia. Lakini *bale*, wale wa Kasai, wasicheze. Na yale maneno ya uwanjani yasisikike tena. Likisikika hata moja, uwanja utafungwa na timu itakufa. Nilimuuliza ni nani aliyelalamika, kwa sheria gani, na neno linamdhuruje mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mamzelle, weye uko na maswali mingi. Miye niko na uwanja moja."

Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nacho mkononi. Timu ile ndiyo ilikuwa mahali pekee Kapata ambapo watoto hawa bado walikuwa kitu kimoja. Kama ingekufa, hakuna ambaye angeifufua. Nilimweka Muteba mahali pa Mbuyi. Hakuweza. Alipiga sauti mapema, au alichelewa, na mazoezini washambuliaji walipita kama mbuzi kwenye uzio uliooza. Mwishowe alisema tu, "Mamzelle, twende tumuulize Mbuyi."

Tulikwenda stesheni Jumamosi, baada ya misa. Tuliwakuta pamoja mwisho wa jukwaa, Mbuyi na Tata Ntumba. Tata Ntumba aliketi kwenye kochi lake la sebuleni, kochi lilelile la vitambaa vyeupe, juu yake mbingu tupu. Mke wake alikuwa akisonga bukari, ugali wetu, kwa moto wa vipande vya kabati. Tata Ntumba aliuliza kuhusu nyavu.

Nilipomweleza shida, aliomba sufuria nne za mkewe, akazipanga sakafuni kwa mstari. Ndala ya mtoto ikawa mpira. Mbuyi alikaa juu ya cherehani iliyofungwa kamba, akimtazama Muteba akisukuma sufuria.

"Unaangalia mupira kama mutu mwenye kuona nyama kwa jirani," Mbuyi alisema. "Angalia miguu ya ule mwenye kupiga. Akiinamisha kichwa, njo unaita."

"Na kama nachelewa?"

"Basi utaniandikia barua, miye nitaita toka kule Kasai, Mwene-Ditu."

Walicheka wote wawili, mpaka mama akageuka na mwiko mkononi. Watu wengine waliolala juu ya mizigo walisogea kuona. Mzee mmoja alitoa shauri kuhusu sufuria ya kushoto. Kwa muda ule, jukwaa zima lilikuwa uwanja.

Nilimwambia Tata Ntumba agizo la Mkuu kuhusu maneno. Mbuyi alishuka kwenye cherehani, akasimama akinipa mgongo. Tata Ntumba alitazama sufuria zake.

"Museme *Kuya*," alisema. "Museme *Bakia*. Ni Kiswahili ya hapa, maneno ya muzuri." Akayarudia chinichini, "*Kuya. Bakia*," kama mtu anayejaribu viatu. Kisha akatoa ganda la kebo kutoka chini ya kochi, akalikata katikati kwa kisu cha jikoni. Nusu alimpa Muteba. Nusu aliirudisha chini ya kochi.

Jumapili uwanja ulijaa. Vijana wa chama walisimama nyuma ya goli letu, vitambaa vichwani. Watoto wa Fungurume walishuka kwenye lori wakiwa wamepauka kwa vumbi, na mshambuliaji wao alikuwa na mbio ambazo sijaziona tena. Kipindi chote cha kwanza Muteba aliita *Kuya*, na mstari ulipanda, lakini kwa kusitasita, kama watu wanaosoma barua ya mtu mwingine. Golikipa alituokoa mara nyingi.

Karibu na mwisho, bado bila goli, kiungo wa Fungurume alipata mpira akiwa huru. Mshambuliaji wao akaanza kukimbia. Kiungo akainamisha kichwa. Na Muteba, ambaye macho yake wakati huo hayakuwa Kapata wala stesheni bali miguuni pa kiungo, akapaza sauti:

"*Luaku!*"

Wanne walipanda kama mtu mmoja. Mshambuliaji akabaki peke yake, na kibendera kikainuka. Nilisikia ngozi ya mpira ikigusa vumbi.

Kijana mmoja wa chama aliingia uwanjani, mkubwa kuliko Muteba mara mbili. Nilikimbia, lakini alifika kabla yangu.

"Umesema nini?"

"*Luaku*, yaya," alijibu, akimwita kaka mkubwa.

"Ile ni luga ya bani?"

Muteba alikuwa akihema. Alifikiri kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake. "Ya badefanseri," alisema. Ya mabeki.

Mahali fulani mama mmoja alicheka. Mshambuliaji wa Fungurume, mikono kiunoni, akasema, "Ni kweli, yaya. Imenikamata."

Kijana alimuuliza Muteba jina la baba yake na kijiji cha babu yake. Muteba alivitaja, vyote vya Kilunda. Kijana hakuondoka. Alitazama wenzake nyuma ya goli, nao wakaanza kusogea. Ndipo nilipomwona Mkuu wa Michezo akivuka uwanja na koti lake, bila haraka. Nilidhani amekuja kufunga uwanja. Aliinama, akachukua mpira, akauweka chini pale kibendera kilipoonyesha, akausawazisha kwa kiatu.

"Orje," alimwambia yule kijana. "Mupira inapigiwa hapa. Toka, tata, batoto bamalize."

Walimaliza, bila goli. Jumatatu Mkuu aliniita na kuniambia uwanja umefungwa mpaka watu wapoe. Hakunitazama. Hakusema timu imekufa, nami kwa mara ya kwanza sikumuuliza maana yake. Tulifanya mazoezi kwenye barabara ya zamani ya malori, kando ya reli. Tulikuwa pale treni ilipopita, polepole sana, watu juu ya paa, makochi, milango, mbuzi mmoja. Watoto wanne waliinua nusu ya ganda lao. Muteba anasema alimwona Mbuyi. Mimi sikumwona, na sikubishana naye.

Baadaye nilifundisha shule ya Dilala, na jioni timu ya Dilala, chini ya Katibu wa Ligi aliyependa mikutano kuliko mipira. Kisha Fungurume, mgodi mpya ulipoleta watu na vumbi jipya, chini ya Injinia wa Usalama ambaye hakuelewa kwa nini watoto wangu wanafunzwa kwa ganda la waya wakati ana koni za rangi tatu. Nilistaafu nikiwa na goti bovu. Bado naota mstari ule ukipanda. Katika ndoto mimi ni beki wa nne, na waya unanivuta mkono, na ninajua kabla ya kocha, kabla ya mwamuzi. Miaka mingi nilifikiri ni wenzetu wa Kasai walioachwa nyuma. Wao walikuwa wamepanda, na makochi yao, na mkono uliovutwa ulikuwa wetu.

Msimu wangu wa mwisho Fungurume, dereva mmoja wa lori aliyesubiri mzigo alikaa kando ya uwanja. Wasichana wangu walikuwa wakiitana *Luaku* na *Shala*, ingawa hakuna kati yao mwenye babu wa Kasai. Dereva alicheka peke yake mpaka nikamuuliza kuna nini. Alikuwa mtu wa Mwene-Ditu. Alisema karibu na kwao kuna timu ya watoto iliyoanzishwa na fundi umeme mzee, sasa marehemu, na inafundishwa na mtu anayeitwa Mbuyi. Watoto wale wamezaliwa hukohuko na Kiswahili hawakijui. Lakini wanashika kipande cha ganda la kebo kwa mkono wa kushoto, na beki wa mwisho anapotaka mstari upande, anaita *Kuya*, na anapotaka usimame, anaita *Bakia*.