Sista Medina Aliyeijua Baghdad

Mwezi wa pili wa mwaka 2003 baba yangu, mzee Ondoga, alimshinda Sista Medina katika mjadala wa redio, na mji wetu wote wa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, ulisikia. Naandika habari za mama huyu nikijua kwamba mimi, Ritah, ni binti wa mtu aliyemnyamazisha.

Medina alizaliwa Koboko, katika ukoo wa Wanubi ambao babu zao waliletwa na jeshi kutoka Sudan. Mwaka 1976, akiwa na miaka kumi na tisa, alipata nafasi ya kwenda Baghdad kusomea uuguzi, kwa sababu siku hizo serikali yetu ilikuwa na urafiki na nchi za Kiarabu. Alikaa bweni moja na msichana wa Kiiraki aliyeitwa Suad. Suad alikuwa na kaka mmoja, kijana wa chuo asiyekosa msikitini. Siku moja askari waliingia darasani wakamchukua, kwa kosa la kukaa na vijana waliokuwa wakipanga mambo ya dini. Kila Jumatatu mama yao alikwenda kwenye lango la gereza akiwa na nguo safi alizomfulia mwanawe, na kila Jumatatu alirudi nazo. Medina alimsindikiza mara nyingi. Mwisho askari wa zamu akamwambia mama yule asichoke bure.

Aliporudi nyumbani mwaka 1981, Koboko ilikuwa tupu. Vita vilikuwa vimewafukuza watu. Alimkuta mama yake katika kambi ya wakimbizi upande wa Sudan, mbele ya mji wa Kaya ulio mpakani, akiwa amelala juu ya gunia. Medina alifanya kazi katika zahanati ya kambi ile kwa miaka sita. Huko ndiko alikoolewa na Nasiri, fundi baiskeli, mwanamume mpole aliyependa kuimba akiwa kazini. Waliporudi Uganda walihamia Arua, Medina akafungua duka dogo la dawa, na watu wakamwita Sista kwa sababu ya uuguzi wake.

Mwaka 1996 Nasiri aliingia msituni na waasi. Watu walisema bunduki za waasi wale zilitoka serikali ya Khartoum, na serikali ile ilikana. Medina hakujua ni nani aliyemshawishi mumewe. Asubuhi moja Nasiri alisema anakwenda Oraba, mpakani, kununua spoku za baiskeli. Akaondoka, na hakuna aliyemwona tena.

Sasa nije kwenye mjadala. Mwaka 2003 Marekani ilikuwa ikijiandaa kuipiga Iraki. Waziri wao alikwisha kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kusema kwamba serikali ya Iraki ilishirikiana na magaidi walioangusha majengo ya New York. Arua iligawanyika. Shuleni Ediofe, nilikokuwa nikisoma, hata walimu walibishana ofisini mpaka kengele ikasahauliwa. Mtangazaji mmoja, Okuonzi, aliyekuwa na kipindi cha Kiswahili siku za Jumamosi mchana, akapata wazo la kumwita mtu pekee mjini aliyewahi kuishi Baghdad. Wa kumpinga akamwita baba, diwani wa zamani, karani mstaafu wa forodha ya Vurra, mpakani na Kongo, mtu wa maneno mengi.

Tulisikiliza nyumbani, mimi, mama na kaka yangu Asiku.

Okuonzi alimuuliza, "Sista, wewe uliishi pale. Serikali ile na magaidi, wako pamoja ama hapana?"

Medina alisema polepole. "Mimi siwezi kujua siri za serikali. Niliyoyaona ndiyo nitasema. Serikali ile ni katili, sitaitetea. Lakini watu wa dini wenye siasa iliwaogopa kuliko wote. Iliwafunga na kuwaua." Kisha akasimulia habari za kaka yake Suad na mama wa nguo safi. "Kwa hiyo nikisikia leo kwamba wamekuwa marafiki, nauliza tu, ushahidi uko wapi? Maana vita vikianza, watakaokufa si rais wao. Ni watu kama yule mama."

Mama yangu, aliyekuwa akichambua maharage, aliacha mikono juu ya ungo. Asiku akasema, "Huyu mama iko na akili."

Ndipo baba akaanza. "Sista, nakuheshimu. Lakini mimi nilikaa mpakani miaka ishirini. Serikali haimpendi mtu ndiyo impe bunduki. Inampa kwa sababu anaumiza mwenzake. Hata hapa kwetu West Nile tumeona. Vijana wetu walipewa bunduki na watu wa Khartoum. Walikuwa ndugu? Walikuwa marafiki? Hapana. Sasa kama Sista anataka ushahidi, asiende mbali mpaka Baghdad. Atuambie mume wake Nasiri bunduki alipewa na nani."

Tulisikia kiti kikisogezwa. Okuonzi alisema, "Sista, unajibu?" Hakuna jibu lililokuja, akapiga muziki.

Baba alirudi nyumbani na furaha. Majirani walimpa mkono barabarani. Mama alimwekea chakula akaenda kukaa nje, na Asiku hakumaliza chake.

Jumatatu yake mtu aliandika neno GAIDI kwa mkaa kwenye mlango wa duka la Medina. Alilifuta kwa maji na sabuni, likaandikwa tena. Wanaume wawili ambao hawakusema wanatoka wapi walikuja kumuuliza anapokea barua kutoka nchi gani. Wateja walipungua, hata Wanubi wenzake, waliosema amewaletea macho ya serikali. Mama yangu, aliyekuwa akinunua dawa ya presha kwake, akaanza kwenda kwingine kwa sababu baba alikataza. Siku moja nilipita pale na sare ya shule nikamwona amekaa nyuma ya kaunta, mikono mapajani, akitazama barabara. Nilimwamkia. Aliitikia vizuri akaniuliza hali ya presha ya mama.

Vita vilianza mwezi wa tatu. Mwaka uliofuata tume ya Marekani wenyewe ilisema haikuona ushahidi kwamba Iraki ilishirikiana na wale magaidi katika shambulio lao. Niliisikia habari hiyo redioni ikisomwa haraka, katikati ya nyingine. Okuonzi hakumwita tena Medina studioni, na baba alisema waandishi wanapenda kugeuza mambo.

Kisha Iraki ikaja Arua kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Kampuni za ulinzi zilianza kuchukua vijana wa Uganda kwenda kulinda malango na ofisi kule. Asiku alikuwa akipakua malori Vurra, na mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua akiwa na miaka ishirini na mitano. Mwaka 2007 alikwenda Kampala, akapita mafunzo, akarudi kutuaga. Baba alimtazama siku mbili nzima. Siku ya tatu akamwambia, "Nenda kwa yule Sista. Akufundishe maneno ya watu wa huko. Ritah atakupeleka."

Nilikwenda naye. Medina alikuwa akipanga chupa kwenye rafu. Asiku, mrefu hivyo, aliinama mlangoni akaeleza shida yake.

"Wewe ni wa mzee Ondoga," Medina alisema.

"Ndiyo, mama."

"Anajua umekuja hapa?"

"Yeye ndiye amenituma."

Medina alishika chupa moja muda mrefu, kisha akaiweka na kumsogezea kigoda. "Unataka kujua nini?"

"Kusema simama, mikono juu, usisogee," Asiku alisema.

"Hayo watakufundisha kazini. Mimi nitakufundisha ya kuishi na watu." Akamfundisha kusema shlonak, yaani hujambo, na kumwambia mtu asiogope, na kuomba maji, na jinsi ya kumwita mwanamke mzee kwa heshima. Walikaa hivyo mchana wa siku tatu. Asiku alikosea makusudi ili amchekeshe, na kweli alimchekesha. Siku ya mwisho Medina alimpa pakiti za dawa ya kuhara na kumwambia achemshe maji ya kunywa. Asiku alipoondoka, Medina aliniambia, "Ningekuwa mama yake ningemzuia. Lakini Nasiri nilimzuia wapi?"

Asiku alikufa mwaka 2008. Gari lenye bomu lililipuka kwenye lango alilokuwa akilinda. Barua ya kampuni ilisema kwamba alifariki papo hapo bila maumivu. Sanduku lilikuja limefungwa, tukaambiwa tusilifungue. Tulimzika kijijini kwetu Vurra, mvua ikinyesha, na baba, ambaye alizungumza kwenye kila mazishi ya kijiji, hakusema neno kwenye mazishi ya mwanawe.

Katika mfuko wa vitu vyake tulikuta simu, rozari, na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mwandiko wa Kiarabu na muhuri. Baba aliiweka ndani ya Biblia. Baada ya wiki moja aliitoa akaniambia nivae viatu.

Medina alituona tukija, akatoka nje ya kaunta. Alimpa baba pole na kumwekea kiti. Baba alimpa karatasi kwa mikono miwili.

"Sista, inasema nini?"

Alivaa miwani, akaisoma kwanza kimya mpaka mwisho. "Ni karatasi ya wodi ya hospitali. Mzee, nikusomee yote ama kwa kifupi?"

"Yote."

"Jina wamekosea, wameandika Asiko. Mlinzi, mtu wa Uganda. Ameletwa saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Majeraha ya tumbo na paja. Ameongezwa damu, chupa mbili. Amepelekwa kwenye upasuaji." Alishusha kidole mstari mmoja. "Amefariki saa kumi na moja na robo jioni."

Baba alihesabu kwa midomo. "Kampuni wamesema papo hapo."

"Karatasi hii haisemi hivyo."

"Siku nzima."

"Karibu siku nzima, mzee. Ningeweza kukuficha. Nimeona afadhali ujue."

Mimi nililia. Baba hakulia. Aliuliza, "Alikuwa na nani?"

Medina alirudisha macho kwenye karatasi. "Chini hapa muuguzi ameandika hivi: Mgonjwa hana ndugu hapa. Nimekaa naye baada ya zamu yangu. Jina la muuguzi halisomeki vizuri. Ni mwanamke."

Baba aliomba aonyeshwe mahali lilipoandikwa jina lile. Alilitazama, yeye asiyejua herufi moja ya Kiarabu, akapitisha kidole juu yake. Ndipo akasema, bila kuinua uso, "Siku ile ya redio nilimtaja mume wako."

"Ulimtaja."

"Nilisema kweli."

"Ulisema kweli," Medina alijibu. "Lakini sikuwa nimeitwa kuulizwa habari zake. Niliitwa kusema niliyoyaona, na baada yako hakuna aliyeyasikia."

Nilimngoja baba aombe msamaha, na nadhani Medina pia alingoja. Hakuomba. Alisimama, akakunja karatasi, akasema, "Asante, Sista." Lakini tangu wiki ile dawa za nyumba yetu zote alizinunua kwake, na alizifuata mwenyewe, hata alipokuwa akitembea kwa fimbo. Wakati mwingine alikaa saa nzima pale dukani. Sijui walizungumza nini. Nilipomuuliza, alisema walikuwa wakizungumzia presha.

Baba alifariki miaka saba baadaye. Medina alikuja Vurra kwenye mazishi, akakaa na wanawake kwenye mkeka. Watu walishangaa kumwona. Mama yangu alimshika mkono mpaka jioni.

Sasa Medina amerudi Koboko. Duka alilifunga, macho yamepungua, na mpwa wake Faridah ndiye anayempikia. Mimi humtembelea nikipata likizo. Ziara moja aliniuliza kama naweza kumpeleka Oraba. Alikuwa amesikia kwamba kuna mzee upande wa Kaya aliyekuwa msituni na kina Nasiri. "Baba yako alipata karatasi," aliniambia. "Mimi hata saa ya Nasiri sijui."

Tulikwenda mwezi wa nane mwaka jana. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka mbali. Mzee yule alivuka kuja kutuona, tukakaa kwenye hoteli ndogo ya chai pembeni mwa barabara. Alikuwa na kovu shavuni na adabu nyingi. Medina alimweleza sura ya Nasiri, urefu wake, na kwamba alikuwa fundi baiskeli.

"Mama, mafundi walikuwa wengi," mzee alisema. "Kuna mahali mbele ya Kaya tulipigwa, wengi walibaki. Tuliwazika haraka, bila majina. Siwezi kukuambia yuko pale, na siwezi kukuambia hayuko."

"Ni mbali?"

"Iko mbali, na njia si nzuri siku hizi."

Medina alimshukuru kwa kutomdanganya. Alinyoosha viganja akaomba dua fupi, mzee akaitikia amina, nami nikaitikia pia, ingawa mimi ni Mkatoliki. Kisha nilimshika Medina mkono tukavuka barabara katikati ya malori, tukatafuta gari la kurudi Koboko.